Chunusi za mgongoni: krimu inayosafisha wiki mbili, kisha kuharibu ngozi

KAMPALA – Kikuubo, ule msongamano wa maduka ya jumla jirani na Old Taxi Park, ndiko mizigo mingi ya kanda hii inakofungwa. Mwenye duka Goma, Juba, Bunia au Kigali hushuka kwenye basi la usiku alfajiri, hununua sabuni, biskuti, nguo na vipodozi, kisha huanza safari ya kurudi. Ndani ya mzigo wa vipodozi mara nyingi huwamo tyubu ndogo zisizotangazwa popote, lakini huisha dukani kabla ya losheni kubwa. Ukiuliza ni za nini, jibu ni fupi: chunusi, madoa, fangasi, kung'arisha ngozi. Yote kwa tyubu moja.

Jibu hilo peke yake lingetosha kumtia mnunuzi shaka. Chunusi ni tatizo moja, fangasi ni jingine, na rangi ya ngozi wala si ugonjwa. Krimu inayodai kuyamaliza yote kwa siku chache huwa na steroidi kali ndani yake, dawa inayozima uvimbe na wekundu wa ngozi haraka kuliko karibu dawa nyingine yoyote. Ndiyo maana inauzika. Na ndiyo maana inawaumiza wanaoipaka, wakiwemo wauzaji wenyewe.

Wanaonaswa zaidi ni wenye chunusi za mgongoni, kifuani na mabegani. Za usoni kila mtu huziona na huzitolea ushauri. Za mwilini hufichwa na shati, mwenyewe hazioni vizuri, na aibu ya kuvua nguo mbele ya mganga humpeleka mtu kwenye tyubu badala ya kliniki.

Kinachotokea chini ya ngozi

Kila unywele wa mwilini hutoka kwenye kitundu, na pembeni ya kitundu hicho kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi kubwa na zenye kazi nyingi ziko usoni, kifuani, mabegani na sehemu ya juu ya mgongo. Hizi huamshwa na homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo kwa kiasi kidogo. Ndiyo sababu chunusi huanza wakati wa kubalehe, na kwa wanawake wengi huongezeka siku chache kabla ya hedhi.

Mafuta yakizidi, na ngozi iliyokufa ikashindwa kubanduka vizuri ndani ya kitundu, njia huziba. Kizibo kikibaki wazi juu, huonekana kama kidoa cheusi. Weusi huo si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe baada ya kukutana na hewa. Kikifungwa, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, msafi kwa mchafu, huongezeka ndani, na mwili hujibu kwa uvimbe. Hapo ndipo kipele hugeuka jipu dogo lenye usaha, au uvimbe mgumu unaouma mtu akiegemea kiti.

Mjini Kampala chunusi huitwa embalabe, na maelezo yanayozifuata ni yale yale ya Mombasa au Bukavu: damu chafu, kukosa mwenza, kula mafuta mengi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloziba kitundu cha ngozi. Kuoga mara nne kwa siku na kujisugua kwa dodoki, au ekyangwe kama wanavyoliita Waganda, hakuzibui kitundu pia. Kunachubua ngozi na kuongeza uvimbe.

Mwili wa msafiri

Biashara ya mpakani ina namna yake ya kuchokoza ngozi. Madaktari wanaijua chunusi inayoletwa na joto, jasho na msuguano kwa pamoja. Nchini Marekani ilielezwa kwa wachezaji wenye kuvaa vikinga mabega, na zamani kidogo kwa askari waliobeba mabegi mazito kwenye nchi za joto. Badala ya kikinga bega, weka mkanda wa begi la mgongoni lenye sampuli za nguo, pochi ya fedha iliyofichwa kifuani chini ya blauzi, jezi ya nailoni, na saa kumi za kuegemea kiti cha basi chenye jalada la plastiki. Ngozi haioni tofauti.

Nywele nazo zina mchango. Mafuta mazito yanayopakwa kwenye rasta na misuko huteremka shingoni na kwenye sehemu ya juu ya mgongo, hasa mtu akilala akiwa amejipaka. Wapo wanaopata chunusi nyingi baada ya kuanza sindano ya uzazi wa mpango yenye projestojeni. Wapo wanaozipata wakiwa kwenye dozi ya kifua kikuu, kwa sababu ya dawa ya isoniazidi. Mwenye dozi ya kifua kikuu asiiache kwa ajili ya vipele. Amwambie mhudumu wake. Vijana wa mazoezi wanaodungwa homoni za kujenga misuli huzipata kwa wingi mgongoni, na kwao dawa ya kwanza ni kuacha hizo sindano.

Kwa wengine wote, kupunguza msuguano kunasaidia: shati la pamba la kubadilisha njiani, kuoga mara tu baada ya kushuka kwenye gari, kufunga nywele juu, kuhamisha pochi ya fedha kiunoni. Ni hatua ndogo na haziponyi peke yake, ila bila hizo dawa hufanya kazi huku msuguano unaharibu.

Wiki mbili za kwanza

Mtu anayejipaka krimu ya steroidi mgongoni huona vipele vikinywea ndani ya siku chache. Wekundu unapungua, muwasho unaisha, ngozi inaonekana nyororo na yenye nuru. Hapa ndipo anapomwambia jirani, na jirani anamwagiza alete tatu safari ijayo.

Lakini steroidi haikuzibua chochote. Ikiendelea kutumika, yenyewe huleta chunusi: vipele vidogo vinavyofanana, vimetapakaa kifuani, mgongoni na mabegani kama vilivyopigwa muhuri mmoja. Mtumiaji huongeza krimu, kwa sababu akiiacha siku mbili tatu ngozi hulipuka. Polepole ngozi inakuwa nyembamba, mistari inatokea mapajani, kwapani na kifuani, na hiyo haifutiki. Kidonda kidogo kinachelewa kupona. Kama chini ya vile vipele kulikuwa na fangasi, steroidi huwapunguzia muwasho huku ikiwaacha wasambae, na daktari akija kuwaona hawafanani tena na fangasi wa kawaida. Anayejipaka mwili mzima kwa miezi mingi anaweza kuingiza dawa hiyo kwenye damu kiasi cha kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Kwenye boksi halitaandikwa neno steroidi. Yatakuwepo majina kama clobetasol propionate, betamethasone au fluocinonide, mara nyingi kwa herufi ndogo nyuma. Hizi ni dawa halali zenye kazi yake. Daktari wa ngozi huziandika kwa pumu ya ngozi na magonjwa mengine, kwa siku zinazohesabika. Matatizo huanza zinapouzwa kama kipodozi. Kuna na krimu zisizotaja chochote zaidi ya picha ya karoti au limau, na hizo ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo.

Aliyekwisha kuzitumia mwili mzima kwa muda mrefu asizitupe ghafla. Mwili uliozoea huhitaji kupunguziwa chini ya uangalizi, na hilo ni kazi ya kliniki.

Doa ndilo linalouza

Ukiwasikiliza wanunuzi kwa makini, wengi hawalalamikii kipele. Wanalalamikia alama inayobaki. Kwenye ngozi nyeusi, kila uvimbe ukipona huacha doa la kahawia au jeusi, na mgongo wenye chunusi thelathini kwa mwaka huishia kuwa na ramani. Doa hilo si kovu. Ni rangi ya ngozi iliyomwagika kutokana na uvimbe, na hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi uvimbe mpya usiendelee kuongeza madoa mapya na jua lisilichochee.

Miezi ni mingi kwa mwenye harusi mwezi ujao. Hapo ndipo mkorogo unapoingia, neno linaloeleweka kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, ambako husikika kama mukorogo. Mbali na steroidi, mkorogo huweza kuwa na haidrokwinoni, ambayo kwenye kopo husomeka hydroquinone, au zebaki, ambayo mara nyingi haiandikwi kabisa. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu, hasa kwenye jua, huweza kugeuza ngozi kuwa ya rangi ya buluu iliyokoza na yenye punje punje, na weusi huo ni mgumu kuondoa kuliko doa lolote la chunusi. Madaktari wa Afrika Kusini waliieleza hali hiyo kwa wagonjwa wao katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vya kung'arisha ngozi.

Makovu ya kweli ni jambo jingine. Kifuani na mabegani ngozi nyeusi ina tabia ya kuota makovu yaliyovimba, yanayowasha na kukua kupita jeraha lenyewe. Kubinya chunusi sehemu hizo, au kumpa rafiki sindano akutumbue, ni kuyakaribisha.

Si kila kipele ni chunusi

Kabla ya kununua chochote kuna swali moja la kujiuliza: vinawasha? Chunusi huuma zaidi kuliko kuwasha. Vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vinavyowasha, kifuani na sehemu ya juu ya mgongo, na vinavyozidi kila jasho likitoka, mara nyingi husababishwa na fangasi wanaoishi kwenye vitundu vya nywele. Hawa hawatibiki kwa dawa za bakteria. Kinyume chake, kozi ndefu ya antibiotiki huwapa nafasi ya kuongezeka. Hutibiwa kwa dawa ya fangasi, kama shampuu ya ketokonazoli inayopakwa mgongoni na kuoshwa baada ya dakika kadhaa, au vidonge daktari akiona inafaa.

Kipo kisa kingine, na hiki ni cha Kampala yenyewe. Kwa miaka, madaktari waliona watu wenye virusi vya Ukimwi wakiwa na vipele sugu vyenye muwasho mkali, vikiacha madoa meusi mikononi, miguuni na kiwiliwilini. Mwaka 2003 watafiti walichukua vipande vya ngozi kutoka kwa wagonjwa 102 katika kliniki za Kampala na vitongoji vyake. Matokeo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani: wagonjwa 86 walikuwa na dalili za kuumwa na wadudu. Mwili wao, kinga ikiwa imeshuka, ulikuwa ukijibu kupita kiasi kwa kuumwa na mbu na wadudu wengine. Wagonjwa wa namna hiyo hawahitaji krimu ya chunusi hata kidogo. Wanahitaji kupimwa, kuanzishiwa dawa za kupunguza makali ya virusi, na chandarua. Mtu mzima mwenye vipele vya kuwasha mikono na miguu visivyoisha kwa miezi ana sababu ya kwenda kupima kabla ya kwenda Kikuubo.

Dawa zenyewe, na muda wake

Tiba ya chunusi za mwilini haina siri. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, ambayo kwenye boksi ni benzoyl peroxide, ya asilimia 5 au kidogo zaidi. Kwa mgongo, iliyo rahisi ni ile ya kuoshea: unajipaka bafuni, unasubiri dakika mbili hadi tano, unasuuza. Inaua bakteria na, tofauti na antibiotiki, bakteria hawajengi usugu dhidi yake. Ina kasoro moja ambayo mwenye biashara ya nguo lazima aijue: inachujua rangi ya kitambaa. Taulo, shuka na shati la kulalia viwe vyeupe, na mikono ioshwe kabla ya kushika vitenge.

Ikisaidiwa na adapalini, jeli ya usiku inayozuia vitundu kuziba, matokeo huwa bora. Adapalini hukausha ngozi mwanzoni, hivyo mtu huanza kwa kuipaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Mjamzito asiitumie. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 nayo hufaa kwa vidoa vyeusi na chunusi ndogo. Mgongo wa mtu anayeishi peke yake ni tabu kuufikia, na wengine hufunga kipande cha sponji laini kwenye kijiti kirefu. Ni suluhisho zuri kuliko kuacha katikati ya mgongo bila dawa.

Chunusi zikiwa nyingi, za ndani na zenye maumivu, daktari huongeza vidonge vya doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, kwa muda usiozidi miezi mitatu au minne, na si peke yake bali pamoja na dawa ya kupaka. Havifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka minane. Huifanya ngozi iungue na jua haraka. Na vina sharti ambalo wasafiri hulivunja: vinywewe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa au kusimama. Anayemeza kidonge kwa fundo moja ndani ya basi kisha akalala anaweza kuamka na kidonda kwenye koo la chakula.

Kwa chunusi kali zinazoacha makovu ipo isotretinoini, dawa yenye nguvu kuliko zote, inayosimamiwa na daktari wa ngozi pekee. Huharibu vibaya mimba, kwa hiyo mwanamke anayeitumia lazima awe na uzazi wa mpango wa uhakika kabla, wakati wa dozi na mwezi mmoja baada yake. Kuinunua mkononi kwa mtu anayeuza sampuli ni kucheza na maisha ya mtoto.

Yote haya huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya mgongo kuonyesha tofauti, na mgongo huwa mzito kujibu kuliko uso. Hapa ndipo tiba ya haki inapopoteza wateja kwa tyubu ya wiki mbili. Anayeanza benzoili peroksaidi leo na kuiacha mwezi ujao kwa kuona haifanyi kazi hakuipa nafasi ya kufanya kazi.

Mzigo unaoteketezwa

Kwa mwenye duka hesabu ina upande wa pili. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zote zinakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Kampala, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, na krimu yenye steroidi ni dawa, hivyo inaangukia Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Tanzania ilihamisha vipodozi kutoka mamlaka ya chakula na dawa kwenda Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Mwishoni mwa 2018 Rwanda ilianza msako wa mkorogo madukani baada ya Rais Paul Kagame kuliunga mkono jambo hilo hadharani, na waliokuwa na shehena njiani walipata hasara. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vyenye haidrokwinoni vipigwe marufuku katika jumuiya nzima. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki nao unakataza utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye madini hayo.

Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hakisaidii hapa. Kinaondoa ushuru kwa bidhaa halali zilizotengenezwa ndani ya jumuiya, wala hakihalalishi kilichokatazwa. Afisa wa Busia, Mutukula, Katuna au Mpondwe akikuta tyubu hizo chini ya biskuti, huzichukua, na mwenye mzigo huachwa akieleza kuhusu boksi zima.

Njia ya kujikinga ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kidaktari. Sheria ya jumuiya ya viwango ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambuliane alama za ubora, hivyo kipodozi chenye alama ya Q ya UNBS kina mguu wa kusimamia Nairobi au Arusha. Kisicho na alama, kisicho na anwani ya kiwanda, au chenye orodha ya viambato iliyobandikwa kwa stika juu ya nyingine, kibaki Kikuubo. Dawa halisi za chunusi ziko kwenye maduka ya dawa yenye mfamasia, yakiwemo yale ya William Street, hatua chache tu kutoka kwenye mabasi. Na hizo ni za matumizi yako. Kuziuza tena ng'ambo kunahitaji leseni ya nchi unakokwenda.

Kliniki ya ngozi ipo Mulago, na Mbarara kuna madaktari wa ngozi kwenye hospitali ya rufaa inayofundishia chuo kikuu. Kwa wanaopita kaskazini mwa Tanzania kuna KCMC mjini Moshi, ambako tangu 1992 kituo cha kanda kimekuwa kikifundisha wahudumu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika; baadhi yao leo wanafanya kazi kwenye hospitali za wilaya ambazo hazijawahi kuwa na daktari bingwa. Anayekwenda kwa mmoja wao abebe tyubu zote alizowahi kupaka, hata zilizokwisha na zilizochanika lebo. Asijipake chochote asubuhi hiyo, na avae shati lenye vifungo.